Miezi saba nikimtafuta mwizi aitwaye Caesar

Naanza na hela, maana kila niliyemsimulia habari hii aliniuliza hilo kwanza. Zilinitoka dola 530 za Australia, nikitafuta habari za mfungwa mmoja wa zamani. Dola 180 nililipia tovuti ya kutafuta ukoo kwa miezi sita, na 350 nikampa bwana mmoja aliyejiita mtafiti. Akanitumia kurasa kumi na moja ambazo baadaye nilizikuta zote mtandaoni bila kulipa senti. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Waswahili wenye watoto huku ughaibuni ni wengi, na ipo siku mtoto atarudi kutoka shuleni na swali kama la wangu. Sioni sababu ya mzazi mwingine kuliwa kama nilivyoliwa mimi.

Mimi ni dereva wa basi, magharibi ya Sydney. Mwanangu alikuwa darasa la tano, na darasa hilo ndilo watoto wa huku wanaposoma habari za wafungwa walioletwa na Waingereza. Mwalimu aliwaambia kila mmoja achague mfungwa mmoja wa msafara wa kwanza wa meli, aandike maisha yake. Tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Baba, kwenye hizo meli, mtu mweusi alikuwepo?"

Nikamjibu hapana. Nilijibu haraka, kwa ule uhakika tunaokuwa nao akina baba tukiwa hatujui. Kesho yake akarudi na jina: John Caesar, mwizi, aliyefika na meli ya Alexander Januari 1788. Wala hakuwa peke yake; walikuwepo kina John Randall na John Martin, nao weusi, nao wamehukumiwa Uingereza. Niliona haya, na haya ndiyo iliyonisukuma kuliko udadisi.

Kwa asiyejua: Uingereza ilikuwa na desturi ya kuwatupa wezi wake makoloni ya Marekani. Wamarekani walipoasi, njia ikafungwa, wafungwa wakarundikwa kwenye meli mbovu zilizotiwa nanga mto Thames. Zilipojaa, serikali ikaamua kuwaleta huku, upande wa pili wa dunia. Meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, zikapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, na baada ya miezi 8 zikawa Botany Bay. Mpaka biashara hiyo ilipokoma mwaka 1868, waliokwisha kuletwa Australia walizidi 160,000.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtafuta kwenye mahakama isiyo yake. Kumbukumbu za kesi za Old Bailey, London, zipo mtandaoni bure, na kila mtu hukuelekeza huko. Nilikesha nazo wiki tatu, nikitoka zamu ya usiku na macho mekundu, nimpate Caesar. Hayupo. Nikafikia kudhani mwalimu kamdanganya mtoto. Kumbe Caesar alikuwa mtumishi Deptford, mji wa meli kando ya Thames, na Deptford enzi hizo ilihesabiwa ndani ya mkoa wa Kent. Mtu wa Kent alishtakiwa Maidstone, na huko ndiko alikohukumiwa Machi 1786, miaka 7 ya kusafirishwa ng'ambo. Kwa hiyo, kabla hujaandika jina la mtu kwenye kisanduku cha kutafutia, jiulize alikuwa anaishi wapi na kesi za watu wa huko zilipelekwa wapi. Ningelijua hilo ningelala zaidi.

Mahali pamoja nilisoma kaiba pauni 12, pengine shilingi 240. Nikaandika kwenye daftari: wizi mara mbili. Mimi Mtanzania, shilingi 240 kwangu haifiki hata andazi, sikuiona kama kitu cha kumvusha mtu bahari tatu. Ni mke wangu aliyeniuliza pauni moja ya zamani ilikuwa shilingi ngapi. Ishirini. Zidisha. Ni wizi uleule mmoja. Nusura mtoto apeleke shuleni kosa ambalo Caesar hakulitenda, na yeye ya kwake yalikuwa yanamtosha.

Na jina nalo lina mtego. Caesar ni jina la kubandikwa. Mabwana walipenda kuwaita watumwa wao majina ya wakubwa wa Roma, sijui kwa kejeli au kwa majivuno. Ndiyo maana wapo kina Caesar wengi. Huyu wetu walimwita Black Caesar, na ukiliandika hilo kwenye simu unaletewa haramia wa Florida, mtu mwingine kabisa, wa miaka mingi kabla. Mwanangu alikwisha chora bendera ya fuvu kwenye kona ya karatasi. Tukaifuta.

Nikifika hapa niseme jambo lililonibadilisha mimi. Nimekulia Dar es Salaam, uswahilini, na nimeshawahi kukimbia pamoja na watu nikipiga kelele za mwizi. Mwizi kwangu alikuwa mwizi, haulizwi mara mbili. Nilipoanza kumsoma Caesar nilimsoma hivyohivyo: kaiba Uingereza, kaletwa huku, kaiba tena. Mkate kutoka hema la mfungwa mwenzake, 1788. Kesi nyingine Aprili 1789, na safari hii hukumu ikawa kifungo cha maisha. Nikamwambia mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu Jumamosi moja tukapima posho.

Mgao wa mfungwa mwanamume kwa wiki umeandikwa wazi: ratili 7 za unga au mkate, ratili 7 za nyama ya ng'ombe au 4 za nguruwe, kunde kiasi, siagi kidogo. Tukatoa mizani ya jikoni. Ratili 7 za unga ni kilo 3 na kitu. Nguruwe hatukumpima, kwetu haingii, tukapima ng'ombe. Vikakaa mezani, rundo la unga kwenye sinia na nyama pembeni, na mke wangu akasema mbona nyingi. Kwa macho ilikuwa nyingi kweli. Basi tukaigawa mafungu saba kwa kikombe. Tukatoa mfupa. Tukakumbuka kwamba ile yao ilikuwa imetiwa chumvi na kufungiwa mapipani tangu Uingereza, wala hakuna mchicha, hakuna tunda, na aliyeila alikuwa anakata miti na kubeba mawe tangu asubuhi. Mwanangu akalitazama fungu la Jumatatu akauliza, "Hii ni ya mchana au ya siku nzima?"

Sasa, Caesar alikuwa pandikizi la mtu. David Collins, ofisa aliyeandika habari za koloni lile, anasema mtu huyu aliweza kumaliza posho ya siku mbili kwa siku moja. Anasema pia, tena kwenye habari hiyohiyo, kwamba alisifika kuwa mfungwa mchapakazi kuliko wote nchini. Hayo mawili hayakuwekwa pamoja. Mgao ulikuwa mmoja, uwe kimbaumbau au uwe pandikizi, na aliyefanya kazi zaidi hakuongezewa. Novemba 1789 ukapunguzwa hadi theluthi mbili.

Wala si wafungwa tu walioiba. Machi 1789, mwezi mmoja kabla ya Caesar kupewa kifungo cha maisha, askari 6 walinyongwa kwa kuiba kwenye ghala la chakula walilokuwa wakililinda wenyewe. Kama unamwandikia mtoto maisha ya mfungwa, usianze na kosa lake, anza na ghala. Tafuta mwaka ule walikuwa na chakula kiasi gani. Mimi nilianza na kosa, nikapoteza miezi miwili nikimlaumu maiti.

Wiki mbili baada ya kupewa kifungo hicho cha maisha, Caesar alitoroka akaingia porini na chakula kidogo, sufuria ya chuma na gobore aliloiba kwa askari. Sufuria! Mtu anakimbia kifungo, anabeba sufuria. Alikamatwa Juni, usiku, akiiba chakula. Alipokuwa mahabusu alisema wakimnyonga atamfanyia mnyongaji mzaha hadi watu wacheke. Gavana Arthur Phillip hakumnyonga. Alimpeleka Garden Island, kisiwa kidogo bandarini palipolimwa mboga, akafanye kazi na minyororo miguuni, na juu ya posho yake aongezewe mboga za bustani.

Rudia kusoma hapo. Walimwongezea chakula. Walijua.

Desemba 1789, akiwa amekwisha funguliwa minyororo, aliiba mtumbwi akatoweka tena. Mwishoni mwa Januari alirudi mwenyewe, ana majeraha ya mikuki. Akaja na hadithi kwamba amewaona ng'ombe wa koloni waliopotea mwaka 1788, wanachungwa na wenyeji, na alipojaribu kuwaswaga wakamchoma. Collins hakumwamini. Ng'ombe wenyewe walionekana mwaka 1795, wamezaana kupita matarajio, wanajilia majani bila mchungaji. Mwanangu aliipenda sehemu hii kuliko zote.

Na hapa ndipo nilipojiaibisha mbele za watu. Tuna kikao cha Waswahili kila baada ya muda, pilau, watoto wanacheza mpira, wazee wanakaa kivulini. Nikaombwa niseme machache juu ya huyu Caesar. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba huenda alizaliwa Madagascar, nami nikaupanda mnazi: nikasema mtoro wa kwanza wa porini katika historia ya Australia alikuwa Mswahili mwenzetu, mtu wa pwani yetu. Wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Ngazija akangoja makofi yaishe.

"Mwanangu, Bukini, hiyo Madagascar yenyewe, unaijua?"

"Naisikia tu, mzee."

"Mbuki si Mswahili. Ana lugha yake, ana wafalme wake. Haya, na huyo kuwa Mbuki, nani kakwambia?"

Sikuwa na jibu. Wapo wanaosema Madagascar, wapo wanaosema visiwa vya West Indies, na ushahidi wa kumaliza ubishi haupo. Mimi nilichagua lililonipendeza. Nawaambia kwa upole, kwa sababu mzee yule aliniambia kwa upole: tunapotafuta watu weusi katika historia za watu tunakuwa na njaa yetu wenyewe, na mwenye njaa huokota chochote. Andika "inasemekana" kama inasemekana. Mtoto hatakufa.

Kofi la pili nililipata maktaba ya jimbo, Macquarie Street. (Nendeni pale. Kadi ni bure, wahudumu ni wavumilivu hata kwa Kiingereza cha kuungaunga, na wao ndio walionionyesha kwamba zile kurasa za dola 350 ni za bure.) Nilikuwa nasoma jinsi Caesar alivyoishi porini. Hakuwa na risasi. Alikuwa akiona wenyeji wamekaa kwenye moto wao wanaoka, anawatokea ghafla na gobore, wanakimbia, anakula walichoacha. Nikacheka peke yangu, nikamweleza mama mmoja niliyekaa naye meza moja, mtu mzima, kwamba jamaa alikuwa mjanja. Akanisikiliza. Akaniambia yeye ni wa watu wale waliokimbia.

Halafu akaniuliza kama nimefika kwa Pemulwuy. Sikuwa nimefika. Pemulwuy alikuwa Mbidjigal, kabila moja la wenyeji wa huku, aliyepigana na koloni mpaka alipouawa kwa risasi mwaka 1802. Mwishoni mwa 1795, kule Botany Bay, Caesar alipambana naye akamjeruhi vibaya kichwani. Kwa serikali ya koloni hiyo ilikuwa habari njema. Kwa hiyo mwizi wangu aliyeonewa aliiba mlo wa watu waliokuwa wanaporwa nchi nzima, na akampasua kichwa aliyekuwa anaipigania. Nilitaka kulificha hili kwenye kazi ya mwanangu. Yeye ndiye aliyekataa.

Jambo ambalo ningependa kulijua siku ya kwanza ni hili: huyo David Collins, ambaye karibu kila neno juu ya Caesar limetoka kwake, ndiye aliyekuwa hakimu. Mahakama ya jinai ilikuwa yeye na maofisa sita. Alimhukumu, kisha akaandika maisha yake, yakachapishwa London mwaka 1798, naye Caesar keshaoza. Humo anasema kwa akili hakuwa na tofauti kubwa na mnyama. Nilikuwa nimekwisha nakili maneno hayo kama sifa za Caesar, nyenzo za mtoto kupeleka darasani! Ukisoma habari za mfungwa yeyote, angalia kwanza jina la mwandishi, uone alikuwa amekaa upande gani wa meza. Usiyatupe anayosema, hakuna mengine. Ila yasome kama unavyosoma taarifa ya polisi kuhusu ndugu yako.

Ukisoma hivyo, vitu vidogo vinajitokeza. Machi 1790 alipelekwa kisiwa cha Norfolk, mbali baharini. Wengi huruka sehemu hiyo kwa sababu hakuna bunduki wala mbio. Huko alipewa kiwanja akajilisha mwenyewe. Mwanzoni mwa 1792 alikuwa na ekari moja, anaifanyia serikali kazi siku tatu kwa wiki. Alikuwa na mwanamke, Ann Poore, wakazaa binti, Mary Ann, mwaka huohuo. Karibu miaka mitatu, na hakuna kutoroka wala gobore. Mtu ana shamba lake, anakula jasho lake.

Mwaka 1793 wakamrudisha Sydney, mama na mtoto wakabaki. Huo ndio mwaka ambao kifungo chake cha kwanza, ile miaka 7 ya Maidstone, kingekwisha. Niliitazama tarehe hiyo kwa muda mrefu, basi liko kituoni, abiria wananigongea kioo.

Julai 1794 akatoroka tena, akakamatwa, akachapwa sana. Akawaambia kwa dharau kwamba yote hayo hayatamnyoosha. Mwisho wa 1795 akaondoka kwa mara ya mwisho, na watoro wengine wakamfuata. Tarehe 29 Januari 1796 Gavana John Hunter akatangaza zawadi kwa atakayemleta na silaha zake: galoni 5 za pombe kali. Tulipiga hesabu, ni karibu dumu moja la lita 20. Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Februari, mtu aitwaye John Wimbow alimvizia Liberty Plains akampiga risasi. Alibebwa hadi nyumba ya mlowezi mmoja, akafia humo.

Liberty Plains ni Strathfield na Homebush za leo. Kwa miaka minne nimekuwa nikipitisha basi hapo, Parramatta Road, mara sita kwa zamu.

Mwanangu alipata alama nzuri, ila mwalimu aliandika pembeni, picha iko wapi? Picha ya Caesar hatukuipata, na ninyi msijichoshe. Hizo mnazoziona mtandaoni ni za kubuni. Alichora sufuria ya chuma.

Februari iliyofuata nilichukua likizo ya siku moja tukaenda Strathfield kwa treni. Sikujua nategemea kuona nini. Kaburi hakuna, kibao hatukukiona, ni maduka na magari na watu wanatoka stesheni na mifuko. Tulizunguka saa nzima juani. Tukaingia kwenye mgahawa wa Wakorea, ndio wengi maeneo yale, tukaagiza wali na nyama. Mwanangu siku hizi anakua, amerefuka hata suruali za Krismasi zimepanda juu ya vifundo. Alimaliza bakuli lake, akalitazama langu, kisha akanitazama mimi.

Nikamwita mhudumu, nikamwagizia la pili.